Macho ya mchimbaji nayo yana njaa



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, miwani, vumbi na ngazi. Leo tutazungumza juu ya maua. Usicheke. Usifungue upesi ukurasa wa mpira. Mwenzetu mmoja, fundi wa kutegemeza dari chini ya udongo, alicheka hata machozi yakamtoka nilipomwambia nataka kuandika habari hii. Akaniuliza kama watu wa usalama wameishiwa na kazi. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha habari hii, na sababu ya kucheka kwake mtaiona mbele.

Mwaka mmoja kabla ya kicheko kile nilikutana naye njiani, anasukuma velo yake. Nikamwuliza:

– Leo umetoka chini saa ngapi?

– Saa nane.

– Na toka mlango wa shimo hata hapa umeona nini?

Akafikiri. Akafikiri tena.

– Nimeona barabara.

Barabara ile ina mijakaranda pande zote mbili. Ilikuwa mwezi wa kumi. Mvua haijaanza, majani ya miti hayajatoka, na matawi yote yamejaa maua ya rangi ya zambarau. Chini udongo wenyewe hauonekani kwa wingi wa maua yaliyoanguka. Velo yake ilikuwa na maua yaliyonaswa katika minyororo. Naye aliona barabara.

MTU ALIYEONA BARABARA TU

Jina lake tutalificha, kwa sababu habari ni ya nyumba yake. Miezi minne kabla ya siku ile, mwisho wa zamu, jiwe lilitoka darini likamwua rafiki yake. Yeye alikuwa mbali kwa hatua tatu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Namna jiwe lile lilivyoanguka ilichunguzwa mahali pake, na si kazi ya ukurasa huu.

Tunaloandika hapa ni lile lililofuata. Fundi alipumzika siku chache, akarudi kazini. Mkono wake ulikuwa mzima, mguu mzima, kwa hiyo watu walisema amepona. Nyumbani bibi yake aliona vingine. Usiku halali. Akilala kidogo, anaruka kitandani. Bukari inapoa mbele yake. Watoto wakicheka katika uwanja, anawafokea. Siku ya malipo alianza kupitia mahali wanapouza lutuku, yeye ambaye zamani alikunywa chupa moja tu ya bia siku ya Mungu. Na kazini kapita wake aliona jambo la hatari zaidi: fundi anatazama, lakini haoni. Anaitwa mara mbili ndipo anageuka. Mtu wa namna hii chini ya udongo yuko hatarini, na wenzake pamoja naye.

Ndugu, mambo haya yakikaa wiki nyingi baada ya ajali au kifo, si uchawi wala uvivu. Ni ugonjwa, kama vile malaria ni ugonjwa, na una matunzo yake. Usingoje mtu aanguke. Mpeleke kwa mganga, na useme wazi kwamba halali. Kapita alifanya hivyo. Kuanzia siku ile fundi alikwenda dispensari kila wiki kuzungumza na mganga, na lutuku akaiacha pole pole, kwa kuanguka na kuinuka.

Mganga hakumwambia apige foto za maua. Jambo lile lililetwa na mtoto.

UA LENYEWE NI JEUPE

Binti yake, mwenye miaka kumi, alipewa kazi na mwalimu: alete foto za maua matano ya mtaa wao. Simu ya kupigia foto ilikuwa ya baba. Baba hakutaka. Mama akasema atakwenda, na katika nyumba ile neno la mama likishatoka, limetoka.

Wakaanzia kwenye robine ya maji, penye bugenvilia iliyopanda juu ya ukuta. Baba alisimama mbali, akainua simu, akapiga, akasema, «Moja. Twende.» Mtoto alitazama foto akakataa. «Baba, hapa ninaona ukuta tu. Karibia.» Akakaribia. «Karibia tena.» Akapiga magoti kama mtu anayefunga kamba za viatu. Ndipo mtoto akamwonyesha: vile vyekundu si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe liko katikati, jeupe, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Fundi aliniambia, «Nimechota maji pale miaka kumi na moja.»

Hakusema amepona siku ile, wala mimi sitaandika hivyo. Alisema tu kwamba kwa muda wa kupika chai hakufikiri juu ya jiwe. Kesho yake, akitoka zamu, alisimama mbele ya ua la mboga ya maboga karibu na njia ya reli, mbali na reli yenyewe, akapiga foto moja. Kesho kutwa nyingine. Foto moja kila siku, baada ya kuoga na kabla ya kula. Jioni aliionyesha nyumbani, na kila mtoto alipaswa kusema rangi anayoiona.

KWA NINI CHINI HAKUNA RANGI

Watumishi wa shimoni wataelewa habari hii upesi kuliko wale wa ofisini. Ndani ya jicho mna vichembe vya aina mbili vya kupokea mwangaza. Aina ya kwanza hutambua rangi, lakini inataka mwangaza mwingi. Ya pili huona hata katika giza kubwa, lakini haijui rangi: kwake vyote ni kijivu. Ndiyo maana mahali lampi yako isipofika vizuri, kitambaa chekundu na cha kijani huonekana sawasawa. Jicho lililotoka juani linahitaji dakika 20 hata 30 kuzoea giza sawasawa. Kwa hiyo usikimbie unapoingia sehemu yenye giza. Ngoja macho yako yakufikie.

Mtu anayefanya kazi saa nane katika giza na kijivu, halafu akalala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku, anaweza kumaliza wiki nzima bila kuona rangi isipokuwa zile za vibao vyetu: nyekundu ya kukataza, manjano ya kuonya, buluu ya kuamuru, kijani ya kuonyesha njia ya kutokea na sanduku la dawa. Ni rangi nzuri, na lazima uzitii. Lakini zote zinakupa amri. Ua halikuamuru kitu. Nafikiri hiyo ni sehemu ya pumziko lake.

Wataalamu wamejaribu kupima mambo haya. Mwaka 1984 Roger Ulrich alitangaza habari za wagonjwa 46 wa hospitali moja katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wote waliopasuliwa mfuko wa nyongo. Nusu walilala penye dirisha linalotazama miti, nusu penye dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walirudi nyumbani mapema kidogo, karibu siku moja, tena waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Mwaka 2003 wataalamu wengine wawili, Emmons na McCullough, waliwaomba wanafunzi waandike kila wiki, kwa wiki kumi, mambo hata matano ya kushukuru. Wengine waliandika yale yaliyowaudhi. Wale wa shukrani waliona maisha yao kuwa mema zaidi, ingawa maisha yenyewe hayakubadilika. Shangazi zetu wanaoanza kila sala kwa kuhesabu waliopona na waliozaliwa hawakungoja mwaka 2003, lakini si vibaya kusikia kwamba hesabu yao imekubaliwa.

Juu ya foto zenyewe, mtaalamu Linda Henkel alitangaza mwaka 2014 jambo la kutufaa sana. Aliwatembeza watu katika nyumba ya vitu vya sanaa. Vitu walivyovipiga foto vizima, kwa kupita tu, walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama bila kamera. Ni kama walimwachia kamera kazi ya kukumbuka. Lakini wale walioambiwa wakaribie wapige sehemu moja tu ya kitu hawakusahau hivyo. Soma tena maneno ya yule mtoto kwenye robine.

Kwa hiyo mimi sina sifa kwa mtu anayepiga foto mia katika arusi moja na hakumwona bibi arusi. Foto moja inatosha, lakini uitazamie.

MAUA YANAYOJUA SHABA

Sasa fundi wetu alikuwa amemaliza maua ya mtaa: bugenvilia, maboga, frangipani, alizeti za jirani. Akauliza wazee, na mzee mmoja aliyestaafu akamwambia, «Umetafuta maua katika nyua za watu, na hujatazama yale ya kazi yako.»

Ndugu zangu, nchi yetu ya Katanga ina maua ambayo watu huvuka bahari kuja kuyatazama, nasi tunayakanyaga. Mnajua vilima vya shaba, vile visivyo na miti mikubwa, vinavyoonekana kama kichwa chenye upara katikati ya pori. Miti ya miombo hushindwa pale kwa sababu udongo una shaba nyingi, na shaba nyingi ni sumu kwa mimea. Lakini majani madogo na maua yamezoea. Katika vilima hivyo wataalamu wamehesabu aina za mimea zaidi ya 600, na nyingine kati yake haziko mahali pengine popote duniani. Mbelgiji Paul Duvigneaud alizichunguza katika miaka ya 1950, na baada yake Profesa François Malaisse wa Lubumbashi alitumia miaka mingi katika kazi hiyo.

Ua moja linaitwa kwa jina la kitaalamu Haumaniastrum katangense. Wengi husema tu «ua la shaba». Ni mmea mdogo, hauzidi goti, una vichwa vya maua ya zambarau, na hutoa maua kuelekea mwisho wa mvua. Unapenda udongo wenye shaba, hasa ule uliokwisha kuchimbwa-chimbwa. Watafutaji wa madini waliufuata kama mwindaji anavyofuata nyayo. Na si madini tu: ulimea pia mahali ambapo wazee wetu wa zamani waliyeyusha shaba na kutengeneza ile misalaba inayojulikana, hata wachunguzi wa mambo ya kale waliweza kugundua matanuru yao kwa kuutazama. Mwingine ni Crotalaria cobalticola, wenye maua ya manjano, ambao hata jina lake lina kobalti, kwa sababu ndiko unakokaa.

Fundi aliposikia hayo alikaa kimya. Halafu akasema, «Kumbe si sisi peke yetu tunaoishi katika sumu hii tukachanua.» Mimi sikuwa na la kuongeza.

Lakini neno moja kwa wapenda maua: msiyang'oe haya. Vilima vinapungua kadiri tunavyochimba, na ua lisilo na kwao pengine halina pa kukimbilia. Piga foto, uliache.

RANGI ZISIZO MAUA

Mama mmoja aliniuliza, «Na sisi tusio na bustani?» Mama, tazama beseni zako. Tazama maputa kwenye kamba siku ya kufua, mafungu ya nyanya na pilipili sokoni, mafuta ya mawese katika chupa jua likipita ndani yake. Tazama jiwe la malakiti ambalo mtoto ameliokota, lenye mistari ya kijani juu ya kijani, kisha unawe mikono na usimwache alitie kinywani. Hapa Lubumbashi, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwaambia watazame samaki, ndege na majani ya nchi yao. Pili Pili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walitoka katika karakana ile, na Bela alichora kwa ncha za vidole vyake. Hawakutoka mbali kutafuta rangi.

Namna ya kupiga: asubuhi na mapema, au jioni kabla ya jua kuzama. Jua la saa sita linafuta rangi, na linakuumiza wewe pia. Pangusa kioo cha simu kwa kitambaa safi, maana mikono yetu ina grisi na vumbi. Ukitaka rangi nyekundu ionekane nyekundu kweli, piga kivulini. Na usimpige mtu foto, wala nguo zake, bila kumwomba. Anayekataa, mshukuru, endelea na safari.

SASA KAZI YA UKURASA HUU

Nisiposema haya, mkubwa wangu ataniuliza mshahara wangu ni wa nini.

Simu na shimo havipatani. Acha simu yako pale sheria ya mahali pako inapokuambia uiache. Usiipeleke hata kidogo karibu na mahali pa baruti: chombo chochote kinachotuma mawimbi ya redio kinaweza kuwa hatari kwa viwasho vya umeme. Ua lililoota ukingoni mwa ngazi ya machimbo ya wazi, liache lichanue peke yake. Mtu anayetazama katika simu huku akirudi nyuma ili ua lote liingie hana macho mgongoni. Simama kwanza, tazama nyuma na chini ya miguu, ndipo uinue simu. Katika majani marefu vaa viatu: nyoka naye anapenda kivuli. Njia ya reli na njia ya malori makubwa si mahali pa kupigia magoti.

Tena, si kila kizuri ni rafiki. Oleanda, ule wanaouita laurier-rose, wenye maua ya waridi na meupe mbele ya nyumba nyingi, una sumu ya moyo katika majani, maua na vijiti vyake. Watoto wasitafune, na mtu asichomee nyama kwa kijiti chake. Mimea ya ua wa nyumba inayotoa maziwa meupe ikivunjwa inaunguza macho. Maziwa yale yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, usisugue, na uende dispensari siku ile ile. Usingoje kesho.

KADI YA KAZI

Narudi kwa fundi. Mwezi wa tatu alikwenda kumsalimu mjane wa rafiki yake. Alikuwa akiogopa kwenda, na safari mbili alifika njia panda akageuza velo. Mara ile alifika. Ukutani aliona foto moja tu ya marehemu: ile ya kadi ya kazi, imekuzwa, nyeusi na nyeupe, macho yamekazwa kama ya mtu anayehojiwa. Fundi aliniambia kwamba pale alitamani ardhi impokee. Katika simu yake mlikuwa na foto zaidi ya mia mbili, za maua, za beseni, hata za mbwa wa jirani. Ya mtu aliyekula naye chini ya udongo miaka kumi na minne, hakuna.

Akamwuliza mama kama kuna kitu ambacho rafiki yake alikipenda. Mama akampeleka nyuma ya nyumba. Karibu na mfereji wa maji machafu palikuwa na mstari wa lengalenga nyekundu, imekwisha kuwa mirefu, jua la saa kumi na moja likipita ndani ya majani. Mama akasema, «Hii aliipanda yeye. Mbegu inajiangukia kila mwaka. Mimi nilikuwa nakata na kupika tu, sikuitazama.»

Fundi alipiga magoti akakaribia. Akapiga moja. Mtoto mdogo wa marehemu akaomba naye apige, akapiga ishirini, nyingi za vidole vyake mwenyewe. Siku ya malipo fundi alipeleka ile moja kwa mpiga picha wa mjini, ikatolewa kwenye karatasi, na sasa inakaa ukutani kando ya foto ya kadi.

Wiki iliyofuata mama yule alikata lengalenga, akapika kwa karanga, akamtumia fundi sahani iliyofunikwa. Fundi akaifunua, akaipeleka dirishani penye mwangaza, akaipiga foto upande huu na upande huu, mpaka bukari ikapoa na bibi yake akamgombeza.